Mgongo Uliopinda na Mizani Iliyomo Sikioni



Katika chuo chetu alikuwako mwanafunzi mmoja, kijana wa miaka 12, ambaye hatukupata kumwona amekaa sawasawa. Wenziwe wakikaa wima mkekani, kila mmoja na marufaa yake mbele yake, yeye huwa ameelemea upande wa kushoto kama jahazi lililopakiwa vibaya. Tukimwambia, "Mwanangu, kaa sawa, mbele ya Qur'ani hakukaliwi hivyo," hujinyoosha kwa muda wa aya mbili tatu, kisha hurudi pale pale. Tulimsema hivyo miezi mingi. Na siku moja tulimsimamisha mbele ya wenziwe mpaka ikaadhiniwa adhuhuri, kwa kumdhania kuwa ni mvivu asiyekiheshimu Kitabu. Twayaandika haya hali ya kuwa tunaona haya, lakini bila ya kuyaandika makala hii isingekuwa na maana.

Baada ya siku chache tulichelewa sala ya alasiri, tukaingia msikitini imamu yumo katika rukuu. Kijana yule alikuwa katika safu ya nyuma kabisa, na mgongo wake ukawa mbele ya macho yetu. Upande wa kulia, penye kombe la bega, ulikuwa umeinuka kama kwamba kifuu cha nazi kimetiwa chini ya kanzu, na upande wa kushoto umelala. Mtoto aliyezoea kujikunja kwa uvivu hunyooka anaporukuu. Huyu hakunyooka. Hapo ndipo tulipofahamu kwamba tulikuwa tukimwadhibu mtoto kwa jambo lisilokuwa katika uwezo wake.

Mama yake tulipompelekea khabari alisema, "Maalim, mimi naliona kanzu yake yapanda upande mmoja, nikadhani fundi wa kushona ndiye aliyekosea." Bibi yake, ambaye alikuwa amekaa ukumbini, akaongeza kuwa mtoto huyu tangu udogoni alikuwa akitoka usaha sikioni, na kwamba mara kwa mara hushikwa na masua akaona nyumba inazunguka, nao wakamfanyia ya kufanyiwa mwenye upepo mbaya. Walipompeleka hospitali, daktari alipigisha picha ya eksirei, akakuta uti wa mgongo umepinda ubavuni kwa nyuzi 31. Kisha akauliza maswali mengi juu ya masikio. Mama akastaajabu, nasi alipotusimulia tukastaajabu vile vile. Sikio na mgongo vina ujamaa gani?

Tumekwenda kuuliza na kusoma, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Sikio si la kusikia tu. Ndani kabisa, katika mfupa ambao ni mmoja wa mifupa migumu ya mwili wa mwanadamu, mna chumba kilichojaa maji. Sehemu yake moja imejiviringa kama ganda la konokono, na hiyo ndiyo ya kusikia. Sehemu ya pili haina kazi na sauti hata kidogo. Hiyo ni mifereji mitatu iliyopinda mfano wa pete, kila mmoja umeelekea upande wake, kama vile kuta mbili na sakafu zikutanavyo katika pembe ya chumba. Mtu akigeuza kichwa, maji yaliyomo katika mfereji huchelewa kidogo kuufuata mfupa, na kule kuchelewa kwake hupindisha vinyweleo vidogo mno, na vinyweleo hivyo hupeleka khabari kwenye ubongo kwamba kichwa kimegeuka, kuelekea wapi, na kwa kasi gani. Chini ya mifereji hiyo kuna vifuko viwili ambavyo ndani yake mna chembe ndogo za madini yale yale yaliyofanya matumbawe tujengeayo nyumba zetu za pwani. Chembe hizo zina uzito, basi kichwa kikiinama nazo huelemea huko. Kila mwashi ana timazi yake ya kumwonyesha wima ni wapi. Na kila mwanadamu amepewa timazi mbili, moja katika kila sikio, kabla hajazaliwa.

Khabari hizo hazikomei kwenye ubongo. Kuna njia za mishipa ya fahamu ziteremkazo kutoka huko mpaka kwenye misuli ya shingo na ya mgongo, na njia hizo hufanya kazi bila ya kungoja amri yetu. Aliyepata kusafiri kwa chombo anajua: chombo kikilala kwa wimbi, mgongo wako umekwisha kujirudisha kabla hujafikiri neno. Kwa kweli sikio halifanyi kazi hii peke yake, macho husaidia, na nyayo, na misuli yenyewe. Simama kwa mguu mmoja ukiwa umefumba macho, utaona mara moja jinsi msaidizi mmoja akiondoka kazi inavyokuwa nzito kwa waliobaki.

Watu hawakuyajua haya zamani. Mwaka 1824 Mfaransa mmoja, Flourens, alieleza kwamba njiwa akikatwa mifereji hiyo hupoteza mwendo wake na kuzunguka, hali yu asikia. Mwaka 1861 tabibu mwengine wa Ufaransa, Ménière, akabainisha kuwa kizunguzungu kikali chaweza kutoka sikioni, wakati ambapo matabibu wengi walikuwa wakikihesabu kuwa ni ugonjwa wa ubongo. Kisha akaja Bárány wa Vienna. Huyu alikuwa akisafisha masikio ya wagonjwa kwa maji, akaona kwamba maji yakiwa baridi mgonjwa hushikwa na kizunguzungu na macho yake huchezacheza kuelekea upande mmoja, na yakiwa moto macho huchezea upande wa pili, na yakiwa na joto la mwili hakuna litokealo. Kwa kazi yake hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914, na khabari ya tuzo ilimfikia akiwa mateka wa vita katika Urusi. Hata leo njia hiyo ya maji hutumika kupima mizani ya sikio moja moja.

Sasa turudi kwenye mgongo. Uti wa mgongo una pingili 24 zilizo huru, moja juu ya mwenziwe, na peke yake hauwezi kusimama, kama mlingoti wa jahazi usivyosimama bila ya kamba za pande mbili. Kamba zetu ni misuli. Basi wako wataalamu waliojiuliza: ikiwa timazi ya sikio la kulia yasema hivi, na ya kushoto yasema vingine, na misuli ya upande mmoja ikawa yavutwa zaidi kuliko ya pili usiku na mchana, katika miaka ambayo mifupa ya mtoto ingali laini, je, mlingoti hautapinda?

Jawabu iliyo wazi kuliko zote ilitoka kwa chura. Mwaka 2009 wachunguzi wa Ufaransa na wenzao walitangaza kwamba waliwachukua viluwiluwi wa aina ya chura wa Afrika mwenye kucha, wakawaondolea sikio la ndani la upande mmoja tu. Viluwiluwi wale walipokua na kugeuka vyura, mifupa yao ilikuwa imepinda na kujipotoa mfano wa mgongo wa mtoto mwenye maradhi haya. Sababu walivyoieleza ni kwamba kiluwiluwi huelea majini, hana nyayo za kumwambia uzito wake umeelemea wapi, basi kosa la sikio moja halipati wa kulisahihisha, na misuli huuvuta mwili mpaka unapokakamaa katika upotofu.

Kwa wanadamu jambo hili halikuwa jepesi namna hiyo. Mwaka 2011 wachunguzi wa Hong Kong na wenzao waliwapiga wasichana wenye mgongo uliopinda picha za sumaku za masikio ya ndani, wakaona kwamba kwa wale waliopinda upande wa kulia kifuani, mpangilio wa mifereji ya sikio la kushoto ulikuwa na tofauti. Mwaka 2015 wachunguzi wa Ufaransa nao wakaeleza kutolingana kwa mifereji ya masikio mawili kwa wagonjwa kama hao. Hayo yatia nguvu upande mmoja wa mizani. Upande wa pili kuna mambo ambayo mtu mwadilifu hawezi kuyaficha. Mtu mzima akipotelewa na mizani ya sikio moja, huyumba majuma kadhaa, kisha ubongo wake huzoea, na mgongo wake haupindi. Watoto wengi wenye mgongo uliopinda hawana kizunguzungu wala ugonjwa wa masikio hata siku moja. Tena mwaka 1995 wachunguzi wa Marekani waliwatazama watoto wasiosikia vizuri, wakakuta kwamba maradhi haya ya mgongo ni machache kwao kuliko kwa wenzao wasikiao, jambo ambalo hatukulitazamia hata kidogo. Na yumkini mambo yakawa kinyume: huenda mwili uliopinda ndio unaoiharibu mizani, wala si mizani iliyoupinda mwili. Juu ya hayo yote imethibiti kuwa maradhi haya hufuatana na ukoo, na zimepatikana alama katika nasaba zinazohusiana nayo.

Kwa hiyo tulipomuuliza daktari wa kijana wetu, "Je, ni lile sikio lililompinda?" hakusema ndiyo wala la. Alisema, "Maalim, sikio lake nitalitibu kwa sababu ni gonjwa, na mgongo wake nitautibu kwa sababu umepinda. Nani alimtangulia mwenziwe, hilo hatujalijua." Nasi tumeipenda jawabu hii kuliko jawabu nyingi tulizopata maishani. Maana yake kwa mzazi ni hii: akija mtu akakuambia atanyoosha mgongo wa mwanao kwa kumtia mafuta au dawa sikioni, mfahamishe kwamba hata hao walioandika habari za chura hawakudai jambo hilo. Na mafuta katika sikio ambalo ngoma yake imetoboka huleta madhara.

Hapa twawageukia kidogo walimu wenzetu. Kofi la sikio, ambalo wengi wetu tulilipata tulipokuwa wanafunzi na baadhi yetu tukalirithisha, laweza kupasua ngoma ya sikio. Hatusemi kwamba linapinda mgongo, tusije tukazua. Twasema ni dhulma, na mtoto aambiwaye "husikii" baada ya kupigwa hapo, huenda ni kweli hasikii.

Lililothibiti ni kwamba maradhi haya si haba. Katika kila vijana 100 wa miaka 10 mpaka 16, wawili au watatu wana mgongo uliopinda ubavuni kwa nyuzi 10 au zaidi. Wengi wao kasoro ni ndogo, haihitaji ila kutazamwa. Inayozidi na kuwa mbaya huwapata wasichana zaidi kuliko wavulana, na huzidi kwa haraka katika ile miaka mtoto anaporefuka ghafula. Tena mara nyingi haiumi. Mtoto halalamiki, na mzazi hana la kumzindua. Na msichana wetu anapofika umri huo ndipo ajifunikapo nguo pana, kama alivyoamrishwa, basi hata mama hapati kuuona mgongo wake mwaka mzima.

Na tazameni ajabu ya jambo hili: kipimo kitumiwacho na madaktari, alichokieleza William Adams wa London katika karne ya 19, ni mtoto kuinama mbele, magoti yamenyooka, mikono inaning'inia, na mpimaji kutazama mgongo kwa nyuma. Takriban ni rukuu. Watu wa nyumba inayosali wanacho kipimo hiki mara nyingi kila siku, wala hawakitazami. Basi mama na amwite bintiye chumbani, mlango umefungwa, amvue nguo ya juu, amwinamishe namna hiyo, atazame kama upande mmoja wa mbavu umeinuka kuliko wa pili. Kisha amsimamishe wima, atazame mabega kama yalingana, makombe ya mabega kama moja limetokeza, na kiuno kama nafasi iliyo baina yake na mkono ni sawa pande zote mbili. Baba na afanye hivyo kwa mwanawe wa kiume. Mara mbili kwa mwaka yatosha. Kazi yenyewe haizidi muda wa kuchemsha chai.

Akiona kasoro, ampeleke kwa daktari. Wako wazee waonao haya binti yao kuvuliwa nguo mbele ya tabibu. Wanavyuoni wameruhusu kutazamwa mahali pa ugonjwa kwa kadiri ya haja, na kwa msichana hutangulizwa tabibu mwanamke, asipopatikana basi mwanamume mwaminifu, na mahram wake awepo. Haya isiyomkinga mtoto na ulemavu sijui tuiite nini.

Tiba yenyewe hufuata ukubwa wa kupinda na miaka iliyobaki ya kukua. Iliyopinda kidogo hutazamwa kila baada ya miezi kadhaa. Ya kati, kwa mtoto ambaye angali akikua, hufungiwa gamba gumu la plastiki kiwiliwilini. Uchunguzi uliofanywa Marekani na Kanada na kutangazwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 waliovaa gamba hilo, 72 walimaliza kukua bila ya mgongo kufika nyuzi 50, ambacho ndicho kiwango cha kufikiriwa upasuaji, na katika wasiovaa ni 48. Na waliolivaa saa nyingi kila siku walipata faida zaidi kuliko waliolivaa kidogo. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee, na kwa mgongo maneno haya si ya mfano, ni ya mfupa wenyewe: mtoto akisha kukoma kurefuka, gamba halimfai kitu. Iliyozidi nyuzi 45 au 50 huenda ikahitaji upasuaji wa kutia vyuma, na kwa huku kwetu Tanzania wapasuaji wa mifupa wako katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam.

Lakini si kila mgongo uliopinda ni wa namna hii. Kibiongo kichomozacho katikati ya mgongo kuelekea nyuma, pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, chaweza kuwa ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, nacho kina dawa zake zinazoponya zikianzwa mapema. Na mtoto mwenye maumivu makali ya mgongo usiku, au aliyeingiwa na unyonge wa miguu, au asiyeweza kuzuia haja yake, asingoje hata siku ya pili.

Watu wengi wametuuliza kama mzigo wa mikoba ya skuli, au kukaa mkekani na kujitikisa wakati wa kusoma, ndiko kunakopinda migongo ya watoto. Mkoba mzito huumiza mgongo na mabega, wala hatuusifu. Ama kwamba unaleta kupinda huku tunakokuzungumza, hakuna ithibati. Kwa hiyo akina mama wasijilaumu kwa namna walivyombeba mtoto au walivyomlaza, na bibi wa kijana wetu, ambaye aliilaumu mbeleko yake mwenyewe, tumemwambia hayo mara tatu na bado hakukinai.

Kijana aliamrishwa kuvaa gamba saa 18 kila siku. La kwanza alilouliza ni udhu. Tukamwambia kuwa gamba halikufunika kiungo chochote cha udhu, basi na atawadhe kama kawaida, na kwa josho alivue. Akauliza juu ya sala. Daktari alimruhusu kulivua kwa kila sala, lakini kwa kuwa kuvaa na kuvua kulimchosha, alijaribu kurukuu nalo kwa kukunja nyonga, ikawezekana, na sijda ikawezekana kwa taabu kidogo. Asiyeweza kabisa, kwa gamba au kwa vyuma vya upasuaji, mlango wake u wazi tangu zama za Mtume (S.A.W.): asali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa asali kwa ubavu, wala thawabu yake haipungui kwa udhuru.

La sikio limetibiwa. Usaha umekata, masua yamepungua ingawa hayajaisha, na daktari wa masikio amemfundisha mazoezi ya kutuliza macho kwenye kitu kimoja huku akigeuza kichwa, ayafanyayo kila asubuhi kabla ya kuja chuoni. Katika picha ya pili, baada ya miezi sita, kupinda kulikuwa nyuzi 30. Mama yake alitaraji nyuzi ziwe zimeshuka sana, akasononeka. Daktari akamwambia kuwa gamba kazi yake ni kuuzuia mgongo usizidi, na kutozidi katika miezi ambayo mtoto amerefuka ndiko kushinda.

Chuoni tumemtilia kiti kirefu karibu na dirisha, na marufaa tumemwinulia juu ya sanduku. Mbele ya wanafunzi wote, wale wale waliomwona akisimamishwa siku ile, tulimwomba radhi, akainamisha uso akasema, "Yamekwisha, Maalim." Siku za mwanzo wenziwe walikuwa wakija mmoja mmoja kuligonga gamba lake kwa kidole na kusema hodi, naye huwajibu karibu, kisha wote wakacheka. Sasa yumo katika Suratu Yaasin, na bado huelemea kushoto.